Mamba wa Hatua ya Mwisho

Gusta, wewe mamba mvivu,

Natumaini huko uliko bado unageuka ukiitwa hivyo. Hapa sina tena wa kumwita, na matusi yamenijaa kinywani bila mwenyewe. Kuna siku nilijaribu kumtukana fundi wa simu aliyechukua meza yako pale sokoni Kashikishi. Masikini, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniletea soda na kuniomba msamaha. Hakujua amekosa nini, maana hakuwa amekosa kitu. Soda niliinywa.

Barua hii nikishaiandika nitamsomea mama yako, na unamjua Mama Gusta: hapendi hadithi inayoanzia katikati. Kwa hiyo vumilia nikirudia hata yale unayoyajua kuliko mimi. Ukichoka, lala. Usingizi uliuweza hata kabla hujafa.

Wewe ulizaliwa ukoo wa Ng'andu, au Ngandu kama mnavyotamka kwenu, yaani mamba. Mimi nilizaliwa ukoo wa Isabi, yaani samaki. Pande zote mbili za ziwa hili, huko Kilwa ya Kongo mlikotoka na huku kwetu Nchelenge, watu wa koo hizi ni watani. Mamba asiye na samaki hufa njaa, kwa hiyo lazima auvumilie mdomo wa samaki. Tumetukanana tangu tukiwa na meno ya utoto. Na kazi kubwa ya mtani iko msibani. Ndugu wanalia, mtani anachekesha. Ndugu wanaogopa hata kumtaja marehemu, mtani anamsema vibaya mpaka kaburini, ili watu wakumbuke kwamba aliyelala pale alikuwa mtu wala si malaika. Mimi kulia siruhusiwi, Gusta. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi.

Siku ya kukuzika niliitimiza sheria hiyo kupita kiasi. Kwaya iliponyamaza nilisimama karibu na udongo, mashine yako ya gemu nimeibana kwapani, waya zinaning'inia, nikapaza sauti kwa Kiswahili cha kwenu ili shangazi zako wote waliovuka ziwa wanielewe: "Batu ya Ngandu, munisikie! Huyu mamba yenu ananiachia gemu nusu. Mashine naikamata miye! Hakuna mutu ataigusa mpaka siku ya kumaliza kilio. Ile siku, mbele ya macho yenu yote, samaki ataua mamba!"

Watu walicheka. Mjomba wako, yule ambaye huwa hacheki hata arusini, alishika tumbo. Nilirudi nyumbani na mashine kwapani nikijisifu moyoni. Nilipofika mlangoni ndipo akili iliponirudia. Mamba huyo wa kwenye gemu hauawi. Ulimtengeneza hivyo kwa makusudi, na mimi nilikuwa nimeshaapa mbele ya ukoo mzima.

Ngoja nianzie nyuma, kwa ajili ya mama yako, ingawa alikuwepo.

Ulizaliwa na ule ugonjwa wa damu, selimundu. Maji ya baridi yakikugusa, mifupa ilikuuma wiki nzima. Mtoto wa mvuvi wa chisense, dagaa wa ziwa letu, na ziwa liko pale mlangoni, lakini hukuruhusiwa hata kuvuta kamba ya mtumbwi. Wenzako wakienda majini, wewe ulibaki kizingitini umevaa sweta jua likiwaka. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuonea huruma, akakuletea kutoka Lubumbashi ile mashine ya kijivu ya kuchomeka kaseti, pamoja na televisheni ya chogo iliyokuja imefungwa kwenye godoro. Siku hiyohiyo nusu ya watoto wa mtaa wakawa marafiki zako. Mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni, sikatai.

Vitu vyote vya utoto wetu viliharibika, mashine ile haikuharibika. Watu wakahamia kwenye simu. Wewe ukajifunza kutengeneza redio, kisha televisheni, kisha simu hizo hizo, na tukiwa tumeshakuwa watu wazima wenye meza mbili zinazopakana sokoni, yako ya kulehemu na yangu ya cherehani, ukaniambia kwamba unataka kuiandikia mashine ile gemu mpya. Gemu ya angani. Chombo kimoja kinakwenda kati ya nyota, maadui wanashuka, unawapiga. Nikakuuliza nani ataicheza gemu ya mashine ambayo hata kaseti zake haziuzwi tena. Ukasema, "Siye."

Nilidhani ni utani wa kawaida. Kumbe ulikuwa umeshaanza, kwenye kompyuta ile yenye kioo kilichopasuka, kujifunza lugha ya mashine yenyewe, lugha ambayo ukiikosea kidogo haikwambii kitu, inakumwagia takataka kwenye skrini na kunyamaza. Hilo uliliweza. Kilichokushinda ni picha. Chombo chako cha kwanza kilifanana na kiatu kilichokanyagwa na lori. Nilicheka mpaka kitambaa nilichokuwa nafuma kwa krosheti kikanianguka. Ukakiokota. Nilingoja unitupie usoni, lakini ulikishika kwa mikono miwili, ukakisogeza kwenye mwanga, ukaanza kukihesabu kwa kidole.

"Samaki," ukasema, "hizi makaro njo zenye natafutaka!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba picha za mashine ile ni kufuma tu. Makaro yako ni miraba midogo, nane kwa nane, rangi tatu, na tundu pale pasipo na rangi. Mimi kwa sindano ya krosheti na uzi wa rangi tatu nimepamba makochi ya nusu ya Kashikishi: maua, njiwa, majina ya maharusi. Ukanitaka nifume chombo cha angani. Nikakwambia sijawahi kukiona, ninachokijua ni samaki. Ukasema samaki hawezi kuruka. Nikasema na mamba hawezi kufikiri, lakini mbona unajaribu. Tuligombana hivyo mpaka akina mama wauza nyanya wakachagua upande. Mwishowe nilikufumia samaki mwenye mapezi yaliyotanuka. Ukamhesabu mraba kwa mraba, ukamwingiza kwenye kompyuta, ukabonyeza, na samaki wangu akapaa kati ya nyota akitema mapovu.

Halafu ulipiga mbinja kubwa hata watu wakadhani kuna mwizi.

Gemu uliiita Samaki wa Mbinguni. Mchungaji alipolisikia jina hilo alifurahi sana, akatangaza kanisani kwamba vijana wa sokoni wametengeneza gemu ya Injili, akaiombea. Nilikuvuta shati nikitaka umweleze ukweli. Ulisema baraka ni baraka hata ikikosea mlango. Basi gemu yetu ya kupiga minandi, wale ndege wala samaki, wenye mabawa ya chuma ikawa na baraka zote. Na vile vyandarua vya mbu vinavyoshuka kutoka juu kumeza kila kitu, kikubwa na kidogo! Wavuvi wa Kabuta walipoviona walitazamana wakacheka chinichini, maana kila mtu alijua nani anavua kwa chandarua, ingawa ni marufuku.

Kitufe kimoja kilitema povu. Kitufe cha pili kiliwasha taa. Hiyo taa uliiweka kwa ajili ya baba yako, ukamwambia hivyo mama yako. Ukiiwasha na kutulia, nyota ndogondogo zinaanza kukusogelea, moja moja, kisha kundi, kama chisense wanavyoifuata taa ya mtumbwi, na kila nyota ni alama. Kazi nzuri, lakini hakuna aliyeitumia. Kila aliyeshika mashine alitaka kupiga tu. Wengine walidhani kitufe kile ni kibovu.

Na hatua ya mwisho, mamba.

Nilimfuma muda mrefu kuliko kitambaa chochote cha arusi. Mgongo wake wote una magamba, kila gamba nimelihesabu. Anajaza nusu ya skrini. Nilipomaliza nikakuuliza kama sasa nimfume akifa, vipande vikirukaruka, ndivyo gemu zinavyokuwa. Ulikunja mikono kifuani.

"Ngandu hafaka, Samaki."

Nikakwambia gemu lazima iwe na mwisho. Ukasema ya kwetu itaisha siku samaki atakapoota magego. Na ukaandika hivyo kweli. Kila povu lililompiga mamba halikumuumiza, lilimwamsha. Aligeuka kulekule lilikotoka, akafungua kinywa, akameza samaki wangu, mashine ikapiga ule wimbo wako mfupi wa kudhihaki. Vijana wa Kabuta walikuja na baiskeli zao za kubebea samaki, matenga bado yananuka, wakajaribu mpaka vidole vikawauma, wakaondoka wanamlaani mamba. Wewe ulikaa kwenye stuli yako unacheka, lile pengo lako la mbele wazi kabisa, umefurahi kuliko mtu aliyeshinda.

Ulipolazwa mara ya mwisho nilikuja na uji na matusi, kama kawaida. Uji hukuuweza. Matusi uliyasikiliza yote. Kisha ukasema pole pole, kwa sababu pumzi ilikuwa inakatika, "Gemu utamalizia weye. Kama utanishinda, unishinde. Ila usinionee huruma." Nikakwambia nitakuanika juani kama chisense mpaka ukauke. Ulicheka, ukashika mbavu, ukanikemea kwa kukuchekesha ukiwa na maumivu.

Asubuhi yake mama yako alinipigia simu. Hapo sitaandika zaidi. Sipapendi pale.

Sasa nikuambie habari.

Umeme bado unakatika, usidhani umekosa kitu. Barabara ya Chienge imechimbwa upande mmoja, tunaambiwa upande wa pili utafuata. Yule paka wako wa sokoni amezaa chini ya cherehani yangu, watoto wote wana kichwa kikubwa kama chako. Mama yako anakula vizuri. Kwa muda alikuwa hali, ila shangazi zako walimshinda nguvu.

Na mimi nilikaa miezi yote ile nikijaribu kukuua.

Nilikuwa nimeshajifunza kwako kiasi cha kutosha. Ulinifundisha kuingiza picha, ulinifundisha kuiambia mashine "hapa ruka uende pale". Pale ambapo mamba angekufa uliacha nafasi tupu, kama mtu anayemwachia mgeni kiti. Nilichotakiwa ni kujaza. Picha chache tu, Gusta. Nilimfuma mamba amefumba macho. Nikafumua. Nilimfuma amegeuka tumbo juu. Nikafumua. Nilimfuma akipasuka vipande, na hicho kilikuwa kizuri, ungenisifia, lakini nilikitazama mara moja tu nikatoka nje kwenda kununua nyanya nisizozihitaji. Nilikuzika nikicheka mbele ya watu wote, lakini kuua picha ya nyuzi za kijani kulinishinda. Ulisema nisikuonee huruma. Sikuwa nakuonea huruma wewe.

Ndugu zako wakapanga siku ya kumaliza kilio iangukie kwenye mbalamwezi, wakati mitumbwi ya chisense imelala ufukweni kwa sababu mwezi unaishinda taa. Kwa hiyo wavuvi wote walikuwepo, hakuna aliyekuwa na kisingizio. Walikuja shangazi wa Kilwa na vitenge vipya vya sare. Walikuja watu wa Kafutuma na munkoyo, kile kinywaji cha mizizi, kwenye madumu. Kuku walikuwa wengi. Umeme ulikatika mchana, wakati televisheni yako ya chogo imeshawekwa uani chini ya turubai, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikajua nimeokoka. Ndipo wavuvi wakaenda majumbani mwao wakarudi na betri za taa zao za chisense. Mmoja akaja na inveta. Wakaunganisha. Ikawaka safi kuliko siku zote.

Kaseti niliyokuwa nayo ni ileile uliyoilehemu mwenyewe, yenye plasta ya hospitali mahali pa jina. Ndani hamkuwa na kitu kipya. Nilikuwa nimepanga kusema mashine imeungua.

Mjomba wako hakunipa nafasi. Alisimama na glasi yake: "Samaki! Ulisemaka utaua. Basi, ua!" Shangazi wakapiga vigelegele vya kunichokoza. Nikasema mtu mzima hapigani wa kwanza, wacha vijana waanze. Vijana wakaanza. Mmoja akamezwa na chandarua. Mwingine akafika kwa mamba, akatema mapovu kama mwendawazimu, akamezwa, wimbo wako wa kudhihaki ukalia, na watu wote uani wakauitikia kwa mdomo, maana wanaujua. Ulikuwa pale, Gusta, kwa wimbo ule ulikuwa pale. Kila mmoja alimezwa, na kila aliyemezwa alinikaribishia kifo changu, kwa sababu foleni ilikuwa inaisha na mwisho wa foleni nilikuwa mimi.

Ndipo mama yako akasema kutoka kwenye mkeka, "Nileteeni kile kitu."

Hakuwa amewahi kukishika, unajua. Miaka yote aliipangusa vumbi tu mashine ile, akiifunika kitambaa changu. Nikapiga magoti nimwonyeshe: hapa kwenda kulia, hapa kushoto, hapa povu. Akanikatiza. "Taa ni wapi?" Nikamwonyesha kitufe cha pili. Akakibonyeza, akatulia.

Akatulia kweli. Alikaa kama anavyokaa sokoni nyuma ya beseni lake. Minandi wakaja, wakapita zao. Chandarua kikishuka, alisogea kidogo tu pembeni, kikapita. Povu hata moja hakutema. Vijana walishindwa kuvumilia: "Mama, piga! Piga, Mama!" Hakugeuza hata shingo.

"Munyamaze. Mutu ya chisense hapigaka maji."

Wavuvi wakaguna wote kwa pamoja, kama watu waliokumbushwa jina lao. Hiyo ni sheria yao ya kwanza: taa ikishawaka, hugongi mtumbwi, hupigi maji, huinui sauti, unangoja, kwa sababu ukishawatawanya usiku wako umekwisha. Na hao hao, sheria wanayoijua tangu utotoni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuipeleka angani. Waliposhika mashine walidhani wamefika nchi nyingine. Mama yako hakuona nchi nyingine. Aliona giza, taa, na vitu vidogo vinavyong'aa. Nyota zikaanza kuja. Moja, mbili, kisha kundi zima likamzunguka samaki wangu hata hakuonekana, na alama zikapanda, zikapita za kila mtu aliyewahi kucheza.

Mamba akatokea.

Mama yako alimvuta samaki mpaka kona ya chini, taa ikiwaka, akaacha. Nilishika mdomo. Mamba akashuka. Ulimwandikia ageukie povu, na povu halikuwepo, kwa hiyo hakugeuka. Alishuka moja kwa moja, taratibu, kinywa kimefungwa. Hatukuwahi kumwona hivyo hata wewe na mimi. Likapita jicho. Ukapita mgongo, magamba yangu yote, nikayatambua moja moja. Ukapita mkia. Alipita karibu kabisa na samaki bila kumgusa, akazama chini ya skrini, akapotea. Zikabaki nyota na taa.

Mjomba wako akauliza kwa sauti ndogo, "Amekufa?"

Wote wakanigeukia mimi. Ukoo mzima, na kuku wao, na glasi zao. Mdomo ukaitangulia akili.

"Amekufa wapi! Amemkimbia mama yake!"

Laiti ungesikia. Turubai lilitikisika. Mjomba wako alikaa chini udongoni na suruali yake ya kanisani. Shangazi walipigana mabega, wakarudia: amemkimbia mama yake, ngandu mukubwa vile, amemkimbia mama yake! Mama yako alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa watoto na wewe ukaanguka kwenye pipa la unga. Nikafikiri basi, nimepona, yamekwisha.

Ndipo mtu wa nyuma akapiga kelele. "Juu! Muangalie juu! Eko anarudia!"

Pua ilikuwa inachungulia kutoka juu ya skrini.

Wewe fundi mbovu. Mashine yako ni ndogo, hesabu yake ikifika mwisho inaanza tena sifuri, na hukumwekea mamba ukuta chini kwa sababu hakuna aliyewahi kumwacha afike huko. Kwa hiyo ukizama chini unatokea juu. Nililielewa hilo palepale, kwa akili ya krosheti: mstari wa mwisho umefungwa kwenye mstari wa kwanza. Lakini wengine hawakuhitaji kuelewa. Walikuona unarudi, wakasimama wote, wakashangilia kama unashuka kwenye boti ya Kilwa na mizigo.

Mama yako hakusimama. Aliishika ile mashine mapajani, taa imewaka, akasema na skrini kama unavyosema na mtoto anayepita mlangoni akiwa na haraka.

"Pita, mutoto yangu. Pita. Niko hapa."

Ukapita. Ukazama. Ukatokea tena juu. Kila mara alikuambia vilevile.

Hapo sheria niliivunja. Nililia, mtani wako, mbele ya watu, nikicheka na kulia kwa wakati mmoja na kamasi juu. Nakukosa, Gusta. Nakukosa sokoni, nakukosa upande wa kushoto ninapogeuka kusema jambo la kipumbavu. Basi, nimesema. Shangazi zako walinitoza kuku kwa kosa la kulia. Nilitoa yule jogoo mwenye kelele, kwa hiyo hasara ni yao.

Mashine nimeirudisha. Mama yako aliikomboa kwa beseni la chisense, kama kawaida ya kitu kilichokamatwa na mtani, na kila alasiri baada ya soko anaichomeka. Wanawake wa Chienge wanaokuja kununua samaki wamejifunza njia ya nyumbani kwake, wanasema wanakuja kupumzika miguu. Wanakaa mkekani wanangoja nyota. Hakuna anayepiga. Vijana wamekasirika sana, wanasema wamama wameharibu gemu.

Gemu yenyewe niliituma pia kwa wale rafiki zako wa mtandaoni, wanaoandikia mashine za zamani kama wewe. Mmoja, wa nchi ya baridi, ameniandikia kwa heshima kwamba gemu ni nzuri sana ila amegundua kosa: mamba akitoka chini anatokea juu. Amenionyesha hata namna ya kulirekebisha, jambo dogo tu, mstari mmoja. Nilimshukuru kwa moyo. Nikamwambia si kosa, huyo ni mtu wa kwetu, anapita.

Kitu kimoja tu nimekibadilisha. Usikasirike. Kwenye meno ya mbele ya mamba nimefumua mraba mmoja mweupe nikaacha tundu. Sasa ukitokea juu inaanza pua, halafu pengo, na mama yako anaanza kucheka kabla hata macho hayajaonekana.

Ile nafasi uliyoacha tupu, ya kifo chake, nakuahidi haitajazwa, na mimi wala na fundi yeyote nitakayemwachia kaseti hii. Ulisema gemu itaisha siku samaki atakapoota magego. Nimepapasa leo asubuhi, bado sijaota.

Na kila mbalamwezi itakapolaza mitumbwi, tutachomeka.

Basi pita, mamba mvivu. Niko hapa kona ya chini, sipigi maji, na taa inawaka.

Samaki wako,
Prisca